Sandwichi ya Mkahawani: Sifa Zake na Kilichomo Ndani

Kijitabu cha elimu ya lishe kwa familia zinazozungumza Kiswahili nchini Marekani na Uingereza

KWA NINI SANDWICHI

Mikahawa ya sandwichi iko kila mahali anapopita mgeni aliyehamia Marekani: kwenye vituo vya mafuta kando ya barabara kuu, ndani ya hospitali, jirani na maghala na viwanda, kwenye viwanja vya ndege. Bei yake inavumilika na huduma ni ya haraka. Tena huhitaji Kiingereza kingi, kwa sababu unachotaka unakionesha kwa kidole kupitia kioo. Baba anayetoka zamu ya usiku na mama anayewapitia watoto shuleni hujikuta hapo mara nyingi kuliko wanavyokumbuka.

Maoni ya wateja kuhusu chakula hiki yamegawanyika. Walio wengi wanakisifu. Baga na kuku wa kukaanga ndivyo wanavyoviogopa. Sandwichi, wanasema, ina nyanya, ina hoho, ina majani mabichi, na nyuma ya kaunta hakuna karai la mafuta yanayochemka. Mtu aliyezoea kupima ubora wa chakula kwa ubichi wake sokoni ana kila sababu ya kukubaliana nao. Upande wa pili wako wanaoapa kwamba hawaugusi mkate ule, eti ni keki iliyojificha, au umetiwa kemikali ya kutengenezea mikeka. Pande zote mbili zina ukweli kidogo, na zote mbili zimeliruka jambo kubwa zaidi, ambalo ni chumvi.

SIFA NJEMA ILITOKA WAPI

Tuchukue Subway, kwa kuwa ndiyo inayojulikana zaidi. Ilianza mwaka 1965 katika mji wa Bridgeport, jimbo la Connecticut, pale kijana wa miaka 17, Fred DeLuca, alipokopeshwa dola 1,000 na rafiki wa familia yao, Peter Buck. Kufikia mwisho wa mwaka 2010 ilikuwa na matawi mengi kuliko McDonald's duniani kote. Haikufika huko kwa ladha peke yake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilitangaza sandwichi 7 zenye mafuta yasiyozidi gramu 6 kila moja. Kuanzia mwaka 2000 matangazo yake ya televisheni yalimtumia mwanafunzi wa chuo kikuu cha Indiana aliyepungua zaidi ya kilo 100 akiwa anakula sandwichi zao mbili kwa siku na kutembea kwa miguu. Mwaka 2012 Shirika la Moyo la Marekani likaruhusu baadhi ya milo ya Subway ibebe alama yake ya moyo, jambo ambalo hadi wakati huo halikuwahi kufanyiwa mkahawa mwingine.

Hakuna uongo katika hayo. Yana masharti tu, na masharti huandikwa kwa herufi ndogo. Gramu 6 za mafuta zilikuwa za sandwichi ya inchi 6 isiyo na jibini, mayonezi wala mafuta ya kumiminia. Yule mwanafunzi naye aliziagiza bila jibini na bila mayonezi. Kwa maoni yetu, sifa ya mkahawa mzima ilijengwa juu ya sandwichi ambayo wateja wachache huiagiza. Kisha mwaka 2008 ikaja ofa ya dola 5 kwa sandwichi ya futi nzima, na mtu ambaye angetosheka na nusu akaona ni hasara kuiacha nusu nyingine. Hapo kila kilichomo kinakuwa mara mbili.

WATAFITI WALIPOWAULIZA WATEJA

Mwaka 2013 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti uliofanyika katika miji minne ya kaskazini-mashariki mwa Marekani. Zaidi ya watu 3,000, wakiwemo vijana na wazazi waliojibu kwa niaba ya watoto wao, waliulizwa wakiwa kwenye mikahawa ya vyakula vya haraka: unadhani chakula ulichonunua kina kalori ngapi? Risiti zao zikatumiwa kukokotoa jibu sahihi. Karibu kila kundi lilikadiria chini ya uhalisia. Watu wazima walikosea kwa wastani wa kalori 175, vijana kwa 259. Walioikosea hesabu zaidi ni wateja wa Subway. Jina la afya lilikuwa limewafumba macho.

Mwaka huohuo watafiti wa Los Angeles walichapisha matokeo yao: waliwapeleka vijana 97, wenye umri kati ya miaka 12 na 21, wakale McDonald's siku moja na Subway siku nyingine, kila mmoja akijinunulia anachopenda. Mlo wa McDonald's ulitoka na wastani wa kalori 1,038 na wa Subway 955, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Kule McDonald's chipsi na soda ndizo zilizopandisha hesabu. Kule Subway ilikuwa sandwichi yenyewe. Ila kwenye sodiamu, ile sehemu ya chumvi inayopandisha presha, Subway ilimpita mwenzake: miligramu 2,149 dhidi ya 1,829.

Ikumbukwe kwamba kipimo cha juu kinachoshauriwa Marekani kwa mtu mzima ni miligramu 2,300 kwa siku nzima, na Shirika la Afya Duniani linataka isifike 2,000, sawa na gramu 5 za chumvi, ambazo hazijai vizuri kijiko cha chai. Kijana aliyekula mlo ule mchana alikuwa ameimaliza siku yake kabla mama hajaweka sufuria jikoni.

CHUMVI INAINGIAJE

Wengi wetu tunaijua chumvi kwa ulimi. Mboga ikikolea tunasema imezidi. Ya sandwichi haijioneshi hivyo, maana imegawanyika katika tabaka nyingi na hakuna tabaka moja linalopiga kelele.

Mkate ndio wa kwanza. Mwaka 2012 kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilitoa orodha ya vyakula vinavyowaingizia Wamarekani sodiamu nyingi kuliko vingine. Juu kabisa ilikuwepo mikate. Nyama baridi za kukatwa vipande vyembamba, kama hamu na salami, zilifuata. Jibini nalo lilikuwemo kwenye orodha hiyohiyo. Sandwichi inavikutanisha vyote vitatu katika karatasi moja.

Halafu kuna mboga, zile zinazotupa moyo. Nyanya, matango mabichi, spinachi, hoho na vitunguu hazina neno, jaza utakavyo. Lakini kwenye trei hizohizo kuna matango ya achari, zeituni, na pilipili zilizolowekwa kwenye siki, na zote zimehifadhiwa kwa chumvi. Mtu anaweza kujipongeza kwa kuongeza mboga kumbe anaongeza maji ya chumvi. Mchuzi wa kumiminia juu una yake. Mwisho kabisa, kabla ya kufunga, mfanyakazi huuliza kama anyunyize chumvi na pilipili manga, na sisi kwa adabu tunajibu “yes”.

Hiyo “yes” tuiangalie vizuri. Foleni iko nyuma yako, mfanyakazi anauliza maswali saba kwa kasi, na pengine mtoto wa miaka 10 ndiye mkalimani. Njia nyepesi ni kukubali kila kitu, na kila ukikubali kuna kitu kinaongezwa: jibini, mchuzi wa pili, mlo kamili wenye chipsi za pakiti na soda. Familia nyingi zingepunguza chumvi na sukari kwa kuamua nyumbani, kabla ya kutoka, maswali gani yatajibiwa “no”. Mtoto akishajua, hatatetereka kaunta.

HOFU ZA MKATE

Mwezi Septemba 2020 Mahakama ya Juu ya Ayalandi iliamua kwamba mkate wa Subway hauhesabiki kuwa chakula cha msingi, na watu wakatangaziana kwamba mahakama imesema ni keki. Kesi ilikuwa ya kodi. Sheria ya nchi ile ya mwaka 1972 iliusamehe kodi mkate ambao sukari yake haizidi asilimia 2 ya uzito wa unga. Wa Subway ulikuwa na asilimia 10. Majaji hawakuulizwa kama mkate huo unafaa kuliwa. Hata hivyo mwenye kisukari ana haki ya kuishika tarakimu hiyo, kwa sababu ulimi hautegemei kukuta sukari hapo, na wanga wa unga mweupe wenyewe hupandisha sukari ya damu upesi.

Ile ya mikeka ni azodikabonamidi, kemikali inayolainisha unga na inayotumika pia kutengeneza plastiki yenye povu. Marekani inairuhusu isizidi sehemu 45 katika kila milioni ya unga. Ulaya haiiruhusu kwenye vyakula. Mwezi Februari 2014 mwandishi Vani Hari aliendesha kampeni ya kukusanya saini, na Subway ikaiondoa. Ushindi wa wateja ulikuwa halali. Tunachosikitikia ni kwamba kelele zote zilielekezwa kwenye kitu kilichokuwamo kwa kiasi kidogo sana, huku chumvi iliyojaa tele ikipita bila kuulizwa.

Rangi nayo isikudanganye. Mkate wa hudhurungi unaweza kuwa wa ngano iliyokobolewa uliotiwa rangi au molasi. Unaoutafuta ni ule ambao kwenye karatasi ya viambato, cha kwanza kutajwa ni “whole wheat” au “whole grain”, yaani nafaka isiyokobolewa, na wenye nyuzinyuzi kadhaa kwa kila kipimo.

NYAMA

Mwezi Oktoba 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliziweka nyama zilizosindikwa katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani, hususan ya utumbo mpana. Gramu 50 kila siku huongeza uwezekano huo kwa asilimia 18. Ni kundi moja na tumbaku, lakini kundi linaeleza uthabiti wa ushahidi tu. Halisemi kwamba hamu ina hatari sawa na sigara. Anayekula mara moja kwa mwezi asikose usingizi. Anayekula kila siku ya kazi, mwaka hadi mwaka, ndiye tunayezungumza naye.

Wateja wengi huamini kwamba wakichagua bata mzinga wamekwepa tatizo, kwa kuwa ni nyama nyeupe. Ile ya vipande vyembamba nayo imesindikwa, imetiwa chumvi na mara nyingi naitraiti. Mafuta yake ni machache, hilo kweli, lakini kuku aliyechomwa ni afadhali. Sandwichi ya mboga tupu yenye parachichi pia ni nzuri, na siku hizi haishangazi mtu. Kwa wasiokula nyama ya nguruwe: kisu na ubao huweza kuwa vya pamoja, hivyo omba vibadilishwe mapema kabla mkate haujakatwa.

UKIFIKA KAUNTA

Agiza ya inchi 6, au ya futi nzima mgawane wawili. Jibini au mayonezi, kimoja kati ya hivyo kinatosha. Kijiko kimoja kikubwa cha mayonezi ni takriban kalori 90 hadi 100, na chupa inayobinywa na mkono wenye haraka haiishii kijiko kimoja. Siki na maji ya ndimu hutoa ladha bila gharama hiyo. Chumvi ya mwisho ikatae.

Kinywaji ndicho kinachoharibu milo mingi. Chupa ya Coca-Cola ya mililita 591 ina gramu 65 za sukari, karibu vijiko 16 vya chai. Hakuna mboga utakayoongeza kwenye mkate ikafuta hiyo. Maji kwa kawaida hutolewa bure ukiomba kikombe.

Mwenye presha, ugonjwa wa figo au kisukari asitegemee kijitabu hiki peke yake. Aende kliniki na karatasi ya lishe ya mkahawa anaoutumia, amwoneshe daktari au mtaalamu wa lishe anachoagiza kila mara.

HAKI ZAKO

Tangu Mei 2018 sheria ya Marekani inataka mkahawa wowote wenye matawi 20 au zaidi kwa jina moja uandike kalori kwenye ubao wa bei. Angalia tarakimu ni ya kipimo gani, maana ya inchi 6 haikuhusu ukiagiza futi. Sheria hiyohiyo inakupa haki ya kuomba upewe kwa maandishi tarakimu za sodiamu, sukari, nyuzinyuzi na mafuta. Hawawezi kukuambia hawana. Katika jiji la New York, tangu Desemba 2015, mlo wenye sodiamu miligramu 2,300 au zaidi huwekewa pembetatu nyeusi yenye kichupa cha chumvi ndani. England kalori huandikwa na biashara zenye wafanyakazi 250 au zaidi, tangu Aprili 2022.

Mzio ni suala jingine, na ni la hatari ya papo hapo. Mwaka 2016 msichana wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alifariki baada ya kula sandwichi aliyoinunua uwanja wa ndege wa Heathrow. Ndani ya mkate mlikuwa na ufuta ambao haukuandikwa kwenye kifungashio. Tangu Oktoba 2021 Uingereza inalazimisha viambato vyote viandikwe kwenye chakula kilichofungwa palepale dukani. Marekani iliuingiza ufuta kwenye orodha ya vizio vikuu mwezi Januari 2023, na baadhi ya waokaji, badala ya kusafisha mitambo yao, wakaamua kuutia kwenye unga na kuuandika. Kwa hiyo mkate uliokuwa salama kwako miaka michache iliyopita unaweza usiwe salama leo. Sandwichi inayotengenezwa mbele yako haina lebo, basi uliza, na omba glavu mpya. Mtu aliyewahi kuvimba midomo au kubanwa kifua baada ya kula mkate wa aina hii asirudi kwenye foleni kabla ya kumwona daktari, kwa sababu sindano ya adrenalini ya kutembea nayo hutolewa kwa cheti chake.