Dondoo muhimu: Samaki wa kuishi pamoja kwenye tangi dogo

Kwenye tangi la lita 60 samaki anayeonewa hana pa kukimbilia, kwa hiyo chagua kabla ya kulipa.

1. Uliza atakua kufikia wapi: oska wa sentimita 4 dukani hufika 30.
2. Mbuna wa Ziwa Nyasa wanavutia kwa rangi, lakini hugombea miamba hadi kuuana. Wape tangi lao.
3. Neoni tetra nunua sita au zaidi. Wawili hujificha tu.
4. Beta dume awe mmoja, na asikae na gapi wenye mikia mirefu.
5. Goldifishi hupenda maji ya baridi. Usimchanganye na hawa wengine wa maji ya joto.
6. Kagua mapezi kila unapolisha: yakichanika pembeni, mtenge mchokozi siku hiyohiyo.