Bajeti Ina Msimu Wake Kama Mvua

SOMO LA VIKUNDI. Lisomwe kwa sauti kikundini. Wasioelewa Kiswahili vizuri watafsiriwe kwa Kisomali, Kiorma au Kimunyoyaya. Msiharakishe. Likiwa refu, gawanyeni mara mbili.



Katika somo hili tutazungumza juu ya bajeti ya kaunti. Wengi wetu tukisikia neno "bajeti" tunafikiri ni mambo ya wasomi na wakubwa wa Garissa mjini. Sivyo. Bajeti ni pesa zetu na mahitaji yetu yakipangwa pamoja. Kama hatupo wakati wa kupanga, tutapangiwa.

Tuanze na igizo fupi la kubuni. Wachaguliwe watu watatu walisome.

MWENYEKITI: Tumerudi kutoka ofisi ya maji. Wametwambia bajeti imeshapitishwa.

MAMA: Kwani kisima si cha kaunti? Siku ya kukifungua tulipiga vigelegele!

MWENYEKITI: Ni cha kaunti, Mama. Lakini pampu imekufa, na pesa ya kuitengeneza haiko mpaka mwaka ujao.

MZEE: Sasa tutakunywa nini?

MWENYEKITI: Lori la maji litaletwa, Mzee, kiangazi kikizidi.

MZEE: Kumbe pesa ya lori iko, ya pampu haiko?

MAMA: Na hiyo bajeti walipitisha lini?

MWENYEKITI: Mwezi wa sita.

MZEE: Lo! Na sisi tulikuwa mbali na ng'ombe.

Simameni hapo kidogo. Ulizaneni: Kosa ni la nani? Je, jambo kama hili limewahi kutokea kwetu?

1. TULIKOTOKA

Vijana wengi hawajui kwamba kuachwa nyuma kwa Kaskazini Mashariki hakukutokana na ukame peke yake. Mwaka 1965 serikali ilitoa waraka maarufu, Namba 10, uliosema pesa za maendeleo ziwekwe mahali zitakapoleta faida kubwa zaidi, yaani penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme. Sisi wa Garissa, Wajir na Mandera hatukuwa na hayo. Penye barabara pakaongezwa barabara, pasipo na kitu pakabaki hivyo hivyo. Hayo yalikuwa maamuzi ya bajeti.

Katiba ya mwaka 2010 ilibadilisha mambo. Tangu uchaguzi wa Machi 2013 tuna kaunti 47, na kila mwaka angalau shilingi 15 katika kila 100 za mapato ya taifa lazima zigawiwe kaunti. Hesabu hiyo hufanywa kwa kutumia mapato yaliyokaguliwa na kupitishwa na Bunge. Pia Katiba iliunda Mfuko wa Usawazishaji, nusu ya asilimia moja ya mapato hayo, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika sehemu zilizosahauliwa. Orodha ya kwanza ya kaunti za mfuko huo ilikuwa na kaunti 14, na Garissa, Wajir, Mandera na Tana River zote zilikuwemo.

Lakini tuwe wakweli. Ubaguzi wa zamani unaweza kurudi ndani ya kaunti yenyewe. Kaunti ya Garissa ina wadi 30, na ni pana sana. Aliye karibu na ofisi husikika. Aliye siku nzima ya safari kutoka Garissa mjini, nani atamsikia? Katiba inasema wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Hiyo ni haki, si hisani. Ila haki isiyotumika ni kama jembe lililotundikwa ukutani.

2. MLANGO UPI TUBISHE?

Vikundi vingi hupoteza muda kwa kuomba mahali pasipohusika. Kumbukeni hivi:

Kaunti inahusika na zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti. Maji ya vijijini na mjini. Mifugo na kilimo. Shule za chekechea. Vyuo vya ufundi vya vijijini. Barabara za kaunti. Masoko na usafi.

Serikali Kuu inahusika na shule za msingi na sekondari, polisi na usalama, na barabara kuu za taifa.

Kwa hiyo ukimwomba mwakilishi wadi, yule tunayemwita MCA, akujengee darasa la sekondari, unabisha mlango usio wake. Mwombe zahanati. Mwombe maji.

3. MIFUKO MIWILI

Hapa ndipo penye kiini cha igizo letu. Pesa za kaunti hukaa katika mifuko miwili.

Mfuko wa kwanza ni wa maendeleo: kuchimba kisima, kujenga zahanati, kuchimba lambo. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inataka kaunti itenge kwa maendeleo angalau shilingi 30 katika kila 100 za bajeti yake, ikihesabiwa kwa kipindi cha miaka kadhaa.

Mfuko wa pili ni wa matumizi ya kawaida: mishahara, dawa, dizeli, vipuri, matengenezo.

Wanasiasa hupenda mfuko wa kwanza kwa sababu una sherehe ya kukata utepe. Hakuna anayekata utepe kwa ajili ya dizeli. Lakini maji hayatoki ardhini kwa utepe! Kisima huchimbwa kwa mfuko wa kwanza, na maji hutoka kwa mfuko wa pili. Zahanati ni hivyo hivyo. Kuta ni mfuko wa kwanza, muuguzi na dawa ni mfuko wa pili.

Ndiyo maana tunaona majengo yamefungwa kufuli na visima vimekauka midomo. Kikundi kiliomba nusu ya kitu, kikapewa nusu ya kitu.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme pampu yenu inakunywa lita 20 za dizeli kwa siku. Kwa siku 30 ni lita 600. Kwa miezi 12 ni lita 7,200. Zidisheni kwa bei ya dizeli sokoni kwenu. Ongezeni mshahara wa mhudumu na vipuri. Hiyo ndiyo gharama ya maji kwa mwaka mmoja, na lazima ijulikane nani atalipa: kaunti, au wananchi kwa kila mtungi na kila ng'ombe, au pande zote mbili. Pengine mtaona ni afadhali kuomba pampu ya jua, ambayo haili dizeli. Lakini hata hiyo huharibika, na fundi hulipwa.

Na lori la maji? Lori ni la dharura. Sheria inasema mfuko wa dharura wa kaunti usizidi shilingi 2 katika kila 100 za mapato ya kaunti. Tulipopita ukame wa 2020 hadi 2022, misimu mitano mfululizo ikakosa mvua, kisha mwisho wa 2023 tukapata mafuriko makubwa. Mfuko mdogo namna hiyo hauwezi kubeba yote. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Pampu ikitengenezwa kabla ya kiangazi, lori litapelekwa kwa wasio na kisima kabisa.

4. KALENDA YA BAJETI NA KALENDA YETU

Mwaka wa serikali huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Tuuweke kando ya misimu yetu tuone.

HAGAA. Kufikia tarehe 1 Septemba, mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hupelekwa katika bunge la kaunti. Huu ndio mlango mkubwa! Mradi usioandikwa hapa ni vigumu kuingia baadaye. Nao mpango huo hutolewa katika mpango mkubwa wa miaka mitano, ambao wa sasa ni wa 2023 hadi 2027.

JILAAL. Kufikia tarehe 28 Februari, mkakati wa fedha hupelekwa bungeni. Hapo huamuliwa kila idara itapata kiasi gani: maji kiasi hiki, afya kiasi hiki, barabara kiasi hiki. Ni wakati huo huo sisi tunapohangaika na kiangazi.

GU. Kufikia tarehe 30 Aprili, makadirio kamili ya bajeti hufika bungeni, na kamati ya bajeti husikiliza maoni ya wananchi. Bajeti inatakiwa kupitishwa kabla ya tarehe 30 Juni. Ni wakati huo huo mvua imenyesha, mifugo imehamia malisho, na wakulima wa kandokando ya Tana wako shambani.

Mnaona? Kalenda ya bajeti haikutungwa kwa ajili ya mfugaji. Inatukuta mbali kila mara. Dawa yake ni kujipanga mapema. Chagueni wajumbe wawili, mmoja awe mama, ambao kazi yao mwaka mzima ni bajeti tu. Mifugo ikihama, wao wabaki na barua ya kikundi mkononi. Wachangieni nauli, kama tunavyochangia harusi na msiba.

Tunasisitiza mama awemo. Mikutano mingi huitwa saa za kukamua au kupika, kisha husemwa ati wanawake hawakuja. Lakini anayejua umbali wa maji ni yule anayeyabeba.

5. BARUA YA MAONI

Kusema mkutanoni ni vizuri. Lakini maneno hupeperuka, na barua hubaki. Andikeni ukurasa mmoja tu:

(a) Sisi ni nani, kijiji gani, wadi gani, kaya ngapi.
(b) Shida yetu moja kubwa. Moja, si kumi! Mkiandika kumi, mwenye kuchagua atakuwa ni mwingine.
(c) Tunaomba nini katika mfuko wa maendeleo.
(d) Tunaomba nini katika mfuko wa matumizi ya kawaida ili kitu hicho kifanye kazi.
(e) Sisi wenyewe tutachangia nini: ulinzi, kamati, ada ya maji, nguvu za mikono.
(f) Majina na sahihi au alama za dole gumba.

Toeni nakala tatu. Moja kwa karani wa bunge la kaunti, moja kwa msimamizi wa wadi, na moja ibaki kwenu ikiwa imepigwa mhuri wa kupokelewa. Bila mhuri mtaambiwa hawajaiona.

Pia kuna Jukwaa la Bajeti na Uchumi la kaunti, ambalo kwa sheria lina wawakilishi wa wanawake, wazee, walemavu, wafanyabiashara na mashirika ya dini. Ulizeni nani anawawakilisha, mkamtume.

6. BAJETI IKISHAPITA, MSILALE

Kuandikwa si kupewa. Kila miezi mitatu kaunti inatakiwa kutoa taarifa ya matumizi. Mdhibiti wa Bajeti naye hutoa ripoti, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hukagua. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inawapa raia haki ya kuomba karatasi hizo. Mradi wenu umeandikwa? Ulizeni kwa upole: Zabuni imetolewa? Nani kapewa? Kazi itaisha lini? Nendeni wengi, msiende mmoja. Mtu mmoja huitwa mchochezi, lakini kikundi huitwa wananchi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chetu, ni kitu gani kilijengwa na hakifanyi kazi? Kilikosa nini katika mfuko wa pili?
2. Tukipewa kitu kimoja tu mwaka huu, tutachagua nini? Nani hatakubaliana nasi, na kwa nini?
3. Nani watakuwa wajumbe wetu wawili wa bajeti?

KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

Wawili waende kwa msimamizi wa wadi wakaulize: Kijiji chetu kimeandikwa katika mpango wa maendeleo wa mwaka? Warudi na jibu, hata kama jibu ni "hapana". Hiyo "hapana" ndiyo mwanzo wa barua yenu.