Ungo Haujui Magugu



Kijana mwenzangu, mfano wa magugu (Mt 13:24-30) unazungumzia ngano, zao ambalo wengi wetu Tarime na Serengeti hatulimi. Leo tuusome kwa ulezi.

Shambani kuna ulezi-mwitu, ndugu wa karibu kabisa wa huu tunaokula. Ukiwa mchanga majani ni yale yale. Hata mama aliyelima miaka thelathini anaweza kung'oa ulezi akaacha gugu. Ukitoa masuke ndipo unajionyesha: vidole vyembamba, na punje zinapukutika zenyewe zikikomaa.

Sasa njoo kwenye mavuno. Ulezi umepurwa, mama ameshika ungo. Anapepeta, upepo unachukua makapi kwa sababu ni mepesi. Anachekecha, vumbi na punje ndogo zinapita kwenye matundu. Mashine ya kusafishia nafaka nayo haina siri kubwa: feni na vichekeche vinavyotikisika, basi. Hata kijana wa Nyamongo anayeosha mchanga wa dhahabu anafuata kanuni hiyo hiyo, kizito kinabaki. Yaani vyote hivi vinapima uzito na ukubwa tu. Kwa lugha ya darasani kwetu, vinagusa sifa za nje, kiini havikijui. Mbegu ya gugu ikilingana na punje inapita salama hadi kwenye gunia, na mwakani unaipanda kwa mkono wako.

Si jambo dogo. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, unga wa lishe wa msaada ulikutwa na sumu ya mbegu za mnanaha, ule mmea wenye maua kama tarumbeta na tunda la miiba, ambao huota katikati ya mazao na kuvunwa nayo. Karibu watu 300 waliugua, watano wakafa. Na unga ule ulitoka kiwandani, siyo kwenye ungo wa kijijini.

Ndiyo maana kwa mbegu ya kupanda, mkulima makini hategemei ungo. Anachagua suke kwa suke, kabla ya kupura. Sasa rudi kwenye aya ya 30 uone mpangilio: wavunaji wanaambiwa waanze na magugu, wayafunge matita, ndipo ngano iende ghalani. Kabla ya kupura! Mwenye shamba huyu anajua kilimo. Tofauti inaonekana kwa muda mfupi tu, suke likishatoka na kabla halijapurwa. Na aya ya 39 inasema wavunaji ni malaika.

Sisi je, tunapepeta saa ngapi? Kwenye vikao vya vijana hoja ya "fulani afutwe" huja haraka, na huyo fulani mara nyingi ana miaka 16, hata suke hajatoa. Tena kwetu kuna ungo mwingine, wa zamani: binti aliyekataa kukeketwa wapo wanaomhesabu makapi, hafai kuolewa. Ungo huo unapima nini hasa? Msimu ukifika, Desemba, mabinti wanakimbilia nyumba za hifadhi Masanga na Mugumu. Ukiisha, wengine wanarudi nyumbani, na Jumapili wanatafuta nafasi kwenye benchi ulilokaa wewe.