Sasisho Limeiangusha Seva ya Nyumbani? Usifomati! Vidokezo 10 vya Kuinyanyua

Kwa mtu wa Wamaza, kati ya Kasongo na Kabambare jimboni Maniema, seva ya nyumbani si pambo. Kompyuta ya zamani au Raspberry Pi yenye Linux, betri na paneli ya jua vinatosha kuwapa majirani maktaba nzima: wanafunzi wanasoma Wikipedia kwa Kiwix bila kununua mega hata moja, wanafanya mazoezi ya hesabu kwenye Kolibri, na wenye nyumba wanahifadhi humo picha, hati na hesabu za duka.

Siku mtandao unapokuwa mzuri, fundi anasasisha mfumo, anazima na kuwasha tena, na kioo kinabaki cheusi. Hapo hapo mtu wa pembeni anatoa shauri: "Fomati, uweke upya." Ndugu, usikubali. Wikipedia ya Kifaransa pamoja na picha zake ni makumi ya gigabaiti. Kuirudisha kwa mtandao wa simu ni gharama kubwa, na kuiagiza kwenye diski kutoka Kindu au Bukavu ni safari. Tena mara nyingi data yako haijaguswa. Kilichovunjika ni njia ya mfumo kuwaka, na njia hiyo inatengenezeka.

Vidokezo hivi vinahusu Debian, Ubuntu na Raspberry Pi OS, mifumo ya ukoo mmoja. Kama hujaingia kama root, tanguliza `sudo` mbele ya kila amri.

1. Piga picha kioo kabla ya kugusa kitu

Sasisho hubadilisha kerneli (moyo wa mfumo), GRUB (programu inayoanzisha mfumo) na paketi za programu. Halina kazi na mafaili yako ya `/home` wala `/srv`. Kwa hiyo hasara kubwa huletwa na mikono yenye haraka baada ya ajali, si na sasisho lenyewe. Chukua simu, piga picha maandishi yote yaliyo kwenye kioo, hasa mistari ya mwisho. Maandishi hayo ndiyo yatakayokuambia uende kidokezo kipi, na ndiyo utakayomwonyesha fundi mwenzako wa Kasongo ukihitaji msaada.

2. Jua imekwama wapi

Kuna hali tatu, na dawa zake hazifanani. Ya kwanza, mashine haionyeshi kitu kabisa au inasema haioni diski. Ya pili, inaanza kuwaka halafu inakwama njiani. Ya tatu, inawaka vizuri lakini simu na kompyuta za watu haziioni.

Kwa hali ya kwanza, chunguza umeme kabla ya kulaumu sasisho. Raspberry Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3; betri iliyochoka au waya mwembamba huishusha. Ukiona alama ya radi kwenye kona ya kioo, mashine inalalamika kwamba umeme hautoshi. Badilisha waya au chaja kwanza. Kwa hali ya pili fuata kidokezo cha 3 hadi cha 6, na kwa ya tatu cha 7.

3. Rudi kwenye kerneli ya zamani

Hii ndiyo dawa ya haraka kuliko zote. Debian na Ubuntu hazifuti kerneli ya zamani mara tu mpya inapoingia. Washa mashine, kama menyu ya GRUB haitokei, shikilia Shift kwenye mashine za BIOS, au bonyeza Esc kwenye zile za UEFI. Chagua mstari ulioandikwa Advanced options, kisha chagua kerneli yenye namba ndogo kuliko ile ya juu.

Ikiwaka, pumua. Andika `uname -r` uione namba ya kerneli iliyokuokoa, na uinakili kwenye daftari. Watu wataendelea kusoma wakati wewe unatafuta kosa la kerneli mpya bila presha. Raspberry Pi haina menyu hii. Kadi yake ya SD itoe, uiingize kwenye kompyuta nyingine yenye Linux, uifanyie kazi huko.

4. Malizia kazi iliyokatikia njiani

Betri ikiisha katikati ya sasisho, paketi zinabaki nusu: zimefunguliwa lakini hazijapangwa. Kwenye menyu ile ile ya GRUB chagua recovery mode, ingia kama root, kisha andika hizi kwa zamu:

`mount -o remount,rw /`
`dpkg --configure -a`
`apt --fix-broken install`

Amri ya kwanza inaruhusu kuandika kwenye diski, ya pili inamalizia kupanga paketi, ya tatu inaziba mapengo. Habari njema kwa sisi tunaonunua mega kwa hesabu ni kwamba paketi zilizokwisha kushushwa kwa kawaida bado zimo ndani ya `/var/cache/apt/archives`. Mara nyingi utamaliza matengenezo bila intaneti.

5. Pima nafasi ya /boot

Andika `df -h`. Kama `/boot` au `/` imejaa asilimia 100, umempata mwizi. Kerneli mpya haikupata nafasi ya kutengeneza initramfs yake, lile faili dogo linalosaidia mfumo kuifikia diski wakati wa kuwaka, na ndiyo maana kioo kinaandika kernel panic na kusema hakioni sehemu ya diski yenye mfumo (root).

Ukiwa ndani ya kerneli ya zamani inayofanya kazi, ondoa zisizotumika kwa `apt autoremove --purge`. Kisha jenga upya kilichovunjika kwa `update-initramfs -u -k all`, umalizie na `update-grub`. Usifute mafaili ya `/boot` kwa mkono, na usiondoe kerneli unayoitumia saa hiyo.

6. Ukiona emergency mode, fungua fstab

Huyu ni mshukiwa anayesahaulika. Seva nyingi zina diski ya nje ya USB, na jina la diski hiyo limeandikwa kwenye `/etc/fstab`. Ikichomolewa, ikifa au ikifomatiwa, mfumo unaingoja kwa sekunde 90, kisha unakataa kuendelea na kukuachia emergency mode.

Hapo sasisho halina kosa. Seva ilikuwa haijazimwa kwa miezi, kosa lilikuwa limelala, na kuwasha upya ndiko kulikolifichua. Linganisha namba za UUID zilizo kwenye `/etc/fstab` na zile zinazotolewa na `blkid`. Sahihisha, au weka alama ya # mwanzoni mwa mstari wa diski isiyokuwepo. Halafu kwa kila diski ya nje ongeza neno `nofail` kwenye safu ya nne. Neno hilo moja linaiambia Linux iendelee kuwaka hata diski isipokuwepo, nawe utaweza kuishughulikia kwa nafasi yako.

7. Inawaka lakini haionekani? Tazama jina la kadi ya mtandao

Andika `ip a`. Baada ya kuhamia toleo jipya, kadi ya mtandao inaweza kubadilishwa jina, kwa mfano kutoka `eth0` kuwa `enp3s0`, wakati mafaili yako ya mipangilio bado yanaita jina la zamani. Tazama `/etc/network/interfaces` kwenye Debian, au mafaili ya `/etc/netplan` kwenye Ubuntu, ulinganishe majina.

Wenye Raspberry Pi wana la kwao: tangu Oktoba 2023, toleo la Bookworm linatumia NetworkManager badala ya dhcpcd. Anwani ya IP uliyoipanga zamani ndani ya `/etc/dhcpcd.conf` haisomwi tena. Ipange upya kwa `nmtui`.

Kama mtandao uko sawa lakini Kiwix au Kolibri iko kimya, uliza `systemctl --failed` ujue huduma gani imeanguka, kisha `journalctl -b -p err` ujue sababu. Na kama wakati wa sasisho uliulizwa kuhusu faili la mipangilio ukakubali la mtengenezaji, lako halikupotea: limewekwa pembeni na mwisho wa `.dpkg-old`. Siku nyingine ukiulizwa na huna uhakika, jibu N, ubaki na lako.

8. Angalia saa na tarehe

Raspberry Pi za kabla ya toleo la 5 hazina saa yenye betri. Zikizimika bila intaneti, zikiwaka huendelea kutoka tarehe ya mwisho zinayoikumbuka. Hapo apt inaweza kukataa orodha za paketi ikisema bado hazijaanza kutumika, na vyeti vya usalama vya tovuti vinakataliwa pia. Mtu anadhani mfumo mzima umeoza, kumbe ni tarehe tu.

Andika `date`. Ikiwa si kweli, irekebishe kwa `date -s "2026-03-14 09:30"`, ukiweka tarehe na saa ya kwako. Maniema inafuata saa ya Lubumbashi, kwa hiyo ipange mara moja: `timedatectl set-timezone Africa/Lubumbashi`.

9. Kama menyu yenyewe imekufa, tumia flashi ya uokoaji

Julai 2020 sasisho la kuziba udhaifu wa GRUB ulioitwa BootHole liliziacha mashine nyingi za Red Hat na CentOS haziwaki, zikiwemo seva za makampuni. Wasimamizi wa mashine hizo walifanya lile lile utakalolifanya wewe: waliwasha mashine kwa mfumo wa nje, wakaingia ndani ya mfumo uliokwama, wakarekebisha. Tena Agosti 2024, sasisho la Windows lilizizuia Linux nyingi zilizokuwa kwenye kompyuta moja nayo. Hata wakubwa hukwama.

Washa mashine kwa flashi yenye Debian Live, Ubuntu au SystemRescue. Tafuta diski yako kwa `lsblk -f`. Tuseme mfumo uko `/dev/sda2`:

`mount /dev/sda2 /mnt`
`mount --rbind /dev /mnt/dev`
`mount --rbind /proc /mnt/proc`
`mount --rbind /sys /mnt/sys`
`chroot /mnt /bin/bash`

Sasa uko ndani ya seva yako kana kwamba imewaka. Kama `/boot` iko kwenye sehemu yake peke yake, ifungue kwa `mount`. Kwenye mashine ya UEFI fungua pia `/boot/efi`. Hapo rudia kidokezo cha 4 na cha 5. GRUB ikiwa ndiyo iliyoharibika, irudishe kwa `grub-install`; kwenye mashine ya BIOS taja diski nzima, yaani `grub-install /dev/sda`, bila namba ya sehemu. Umalizie na `update-grub`.

Hata matengenezo yakishindikana, flashi hii inakupa jambo kubwa: unaweza kunakili data yote kwenye diski nyingine. Ni baada ya kufanya hivyo tu ndipo neno la kufomati linaruhusiwa kutamkwa.

10. Lipange sasisho lijalo kama safari

Hapa ndipo fundi mzuri anajulikana. Tenganisha kushusha na kufunga. Mtandao ukipatikana, andika `apt update`, kisha `apt full-upgrade --download-only`: paketi zinashuka tu, hakuna kinachobadilika. Ngoja asubuhi yenye jua, paneli ikichaji na betri ikiwa imejaa, ndipo ufunge kwa `apt full-upgrade`. Kwa njia hiyo umeme hautakukatikia katikati.

Kabla ya kufunga, nakili data kwa `rsync -a` kwenye diski ya pili, na diski hiyo ilale nyumba nyingine. Nakala iliyo ndani ya mashine ile ile haikusaidii siku ya wizi, moto au mvua ya radi. Usisahau `/etc`, kwa sababu ndimo ilimo mipangilio yako karibu yote. Na hifadhidata nyingi ziko ndani ya `/var/lib`.

Washa upya mashine siku ile ile, ukiwa mbele yake. Usiache kosa lilale hadi siku umesafiri Kindu na nyumbani hakuna anayejua pa kuanzia. Usiruke matoleo: Debian 11 inakwenda 12 kwanza, ndipo 13 iliyotoka Agosti 2025. Na kama kerneli fulani inaisumbua mashine yako, zuia paketi yake kwa `apt-mark hold` mpaka marekebisho yatoke. Ila usizuie masasisho yote milele, maana udhaifu wa usalama nao hauzibiki wenyewe.

Neno la mwisho

Wiki hii fanya mambo mawili. Tengeneza flashi ya uokoaji, ujaribu kuiwasha, uiandike jina na kuiweka karibu na seva. Halafu mwite kijana mmoja, wa kiume au wa kike, umfundishe kidokezo cha 3, cha 4 na cha 9 mpaka avifanye mwenyewe bila wewe kumshika mkono. Seva inayojulikana na mtu mmoja tu inakufa siku mtu huyo hayupo. Ikijulikana na wawili au watatu, majirani wataendelea kusoma.