Saa ya Marehemu Baba na Fundi wa Sinza

Marehemu baba aliniachia Omega Seamaster ya zamani, inayojijaza yenyewe kwa mtikisiko wa mkono. Ilipoanza kuchelewa dakika kumi kwa siku, niliikabidhi kwa fundi mmoja mjini bila kuuliza swali. Ilirudi inang'aa, lakini farasi wa baharini aliyechongwa mgongoni alikuwa amesuguliwa mpaka akabaki kivuli. Na bado ilichelewa. Niliumia sana.

Safari ya pili nilimpata mzee mmoja wa Sinza, Dar es Salaam, mwenye meza ya kioo barazani karibu na barabara ya Shekilango. Leo saa iko mkononi mwangu. Hivi ndivyo nilivyofanya.

Anza na kazi ndogo. Kwanza nilimpelekea Seiko yangu ya kila siku, nikakaa kumtazama. Hakuchokonoa kifuniko kwa kisu. Alikifungua kwa ufunguo wake. Kila skrubu aliiweka kwenye kisahani, akakifunika kwa glasi vumbi la barabarani lisiingie.

Ifunguliwe mbele yako. Omega za zamani zina namba iliyochongwa kwenye mtambo wenyewe. Ipige picha, kisha iandikeni kwenye karatasi pamoja na tarehe, kazi mliyokubaliana na bei. Kila mmoja abaki na nakala.

Muulize asichoweza. Mzee aliniambia, "Mwanangu, nitaisafisha na kuitia mafuta. Ila nikikuta gurudumu limekatika, nitakupigia simu. Sikuwekei la saa nyingine." Hapo ndipo nilipomwamini. Spea halisi ni ngumu kweli: Swatch Group, wenye Omega, waliacha kuwauzia wauzaji wa jumla mwishoni mwa 2015, na mafundi wa kujitegemea dunia nzima wakabanwa. Anayekuahidi kila spea kesho asubuhi, muulize anaitoa wapi.

Kataza kusugua. Chuma kikishaondoka hakirudi. Na kifaa chochote kitakachobadilishwa, dai cha zamani ukabidhiwe.

Pima kabla ya kumaliza malipo. Nililipa nusu, nikaivaa siku tatu, kila siku saa moja kamili asubuhi nikiilinganisha na simu. Saa ya Uswisi yenye cheti cha kronometa hupimwa ichelewe wastani usiozidi sekunde 4 kwa siku, au ikimbie usiozidi 6. Saa ya zamani usiidai hivyo. Yangu ilichelewa sekunde 15, nikalipa nusu iliyobaki kwa moyo mweupe.

Usiitie maji. Kama fundi hana mashine ya kupima uvujaji, ivue kabla ya kuingia baharini Coco Beach, hata kama kifuniko kimeandikwa kuwa inazuia maji.

Kama una saa ya mzazi imelala kabatini, itoe wiki hii. Mtafute fundi aliye tayari kukwambia, "Hili siwezi," kisha umpe kazi anayoiweza.