Chulebuni: Kuvu Iuayo Buni Changa Katika Milima ya Umatengo

Mdudu aharibuye mazao huonekana akitafuna, na ng'ombe aingiaye shambani hufukuzwa. Kuvu haionekani. Hufanya kazi yake ndani ya jani au tunda kwa siku nyingi kabla jicho la mkulima halijatambua lolote, na alama ya ugonjwa inapotokea hasara imekwisha kupatikana. Wilayani Mbinga, mkoani Ruvuma, ambako kahawa ya arabika imekuwa zao la fedha la Wamatengo tangu miaka ya 1920, kutolifahamu jambo hilo kumewagharimu wengi ada za watoto wao.

Kuvu si mmea, ijapokuwa zamani iliwekwa katika kundi hilo. Haina rangi ya kijani iwezeshayo mimea kujitengenezea chakula kwa nuru ya jua. Hivyo hula kilichotengenezwa na wengine. Mwili wake ni nyuzi nyembamba mno, nayo huzaana kwa spora, chembe ndogo zisizoonekana kwa macho matupu. Yafaa ikumbukwe kwamba kuvu nyingi zina manufaa: chachu huumua mkate, uyoga huliwa, na bila kuvu majani makavu ya misituni yasingeoza kuwa mbolea.

Ile isababishayo chulebuni huitwa na wataalamu Colletotrichum kahawae. Ugonjwa wake ulitambuliwa kwanza magharibi mwa Kenya mwaka 1922, ukaingia Tanzania mwaka 1964 na Ethiopia mwaka 1971. Hadi leo haujulikani nje ya Afrika, nao hushambulia arabika peke yake. Robusta ya Bukoba haiugui. Katika mwaka wa mvua nyingi, shamba lisilotunzwa laweza kupoteza hata asilimia 80 ya mavuno.

Mbinga hupata mvua kuanzia Novemba hadi Aprili. Maua ya kahawa hutangulia au huja pamoja na mvua za kwanza, na matunda huwa yakinenepa wakati ule ule mvua zinapokuwa kali. Hapo ndipo penye hatari yote. Tunda la kahawa huwa dhaifu zaidi baina ya wiki ya 4 na ya 14 baada ya kuchanua. Likisha kuwa gumu hustahimili mpaka linapokaribia kuiva. Spora za chulebuni hunata, kwa hiyo hazipeperushwi na upepo kama vumbi. Husafiri kwa matone ya mvua yarukayo kutoka tunda hadi tunda, na kwa mikono na nguo za wapitao mashambani. Spora ikitua juu ya tunda lililolowa huota kwa muda wa saa chache, hujigandisha kwa uvimbe mdogo, kisha uzi wake hutoboa ngozi ya tunda. Baadaye hutokea doa jeusi lililobonyea. Doa hilo hupanuka, na kukiwa na unyevu hutoa utando wa rangi ya waridi, ambao ni spora kwa maelfu. Tunda huwa jeusi, hukauka, na mara nyingi hubaki likining'inia mtini kuwa chanzo cha maradhi ya mwaka ufuatao.

Baridi nayo ina sehemu yake. Kuvu hii hustawi penye joto la nyuzi 20 hivi, ndiyo maana mashamba ya juu huathirika zaidi. Kadiri mtu ateremkavyo, ndivyo ugonjwa mwingine, kutu ya majani, unavyozidi: unga wa rangi ya chungwa chini ya jani, na majani kupukutika. Kutu ndiyo iliyoangamiza kahawa ya Ceylon katika karne ya 19, mashamba yakageuzwa kuwa ya chai. Huko chini kabisa, Mbamba Bay na pwani yote ya Ziwa Nyasa, yapata mita 475 juu ya usawa wa bahari, arabika haistawi. Lakini kuvu haikomi hapo. Mahindi na karanga zilizowekwa ghalani zingali na unyevu huota ukungu, na aina mojawapo hutoa sumukuvu, sumu idhuruyo ini na isiyoondoka kwa kupika.

Tiba ya chulebuni, kwa maana halisi, haipo. Dawa za mrututu, zenye madini ya shaba, huua spora juu ya ngozi ya tunda. Nyuzi zilizokwisha kuingia hazifikiwi. Anayengoja kuona weusi ndipo atafute bomba la kunyunyizia anatupa fedha yake. Kunyunyizia huanza mapema, tunda likiwa dogo, na hurudiwa kwa vipindi. Matunda meusi yaliyobaki huchumwa na kuteketezwa, na miti hupogolewa ili hewa ipite na umande ukauke upesi. Wamatengo, waliobuni mashimo ya ngolo kuyatawala maji katika ardhi ya miteremko, hawahitaji kufundishwa thamani ya maji. Kilichobaki ni kuyaangalia pia yale yanayokaa juu ya tunda.

Njia bora zaidi ni miche yenye ukinzani. Aina za zamani, N39 na KP423, hushikwa kwa urahisi. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, yenye kituo chake Ugano wilayani Mbinga, imetoa aina chotara zinazohimili chulebuni na kutu. Aina hizo huzalishwa kwa vikonyo, kwani mbegu iliyookotwa chini ya mti chotara haitoi lazima mti ulio sawa na mama yake.

Shule zilizo katika eneo lenye ugonjwa zaweza kufanya jaribio jepesi. Matunda mabichi yenye madoa mapya yawekwe katika chupa mbili pana, moja ikiwa na pamba iliyoloweshwa na kufunikwa, nyingine ikiwa kavu na wazi. Baada ya siku chache wanafunzi wayatazame kwa lenzi ya kukuzia, na waandike ni katika chupa ipi utando wa waridi umetokea. Matunda yasisafirishwe kwenda wilaya nyingine. Jaribio likiisha yateketezwe, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya mtu yeyote kupita shambani.