Jicho Lililopigwa

Mwezi huu tuzungumze juu ya jicho lililopigwa na kitu butu: ngumi, mpira, jiwe la manati, au kipande cha kuni kilichoruka wakati wa kupasua. Mara nyingi ngozi haikuchanika, na baada ya wiki moja uvimbe umekwisha. Watu wa nyumbani humshukuru Mungu na kusahau. Lakini ndani ya jicho huenda mambo hayajaisha.

Pigo la namna hiyo hubonyeza jicho kwa ghafula, na sehemu laini za ndani huvutwa na kuchanika. Pengine damu huvuja nyuma ya kioo cha mbele, ikatuama chini, mbele ya duara la rangi linalozunguka mboni. Mgonjwa huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Apumzike, kichwa kikiwa juu, wala asipewe aspirini, maana huzidisha kutoka damu. Jicho lisikandwe, lisibanwe kwa bandeji, lisitiwe maji ya majani wala maziwa ya mama. Katika siku 5 za kwanza damu huweza kutoka tena, na mara hiyo ya pili huwa mbaya kuliko ya kwanza.

Sasa yale yanayobaki. Lenzi ikiumia huingia ukungu, yaani mtoto wa jicho, hata kwa kijana wa miaka 15. Huyu ana nafuu, kwa sababu upasuaji upo. Pazia la nyuma ya jicho, yaani retina, nalo laweza kubanduka wiki au miezi baadaye. Mgonjwa huona vimulimuli, vidoa vyeusi vinavyoelea, au kivuli kinachoshuka upande mmoja. Huyo asingoje siku ya kliniki.

Linalotusumbua zaidi ni presha ya jicho, au glaukoma. Mahali maji ya jicho yanapotokea pakiumia, presha huweza kupanda polepole, pengine miaka 10 au 20 baada ya pigo. Hakuna maumivu. Kuona kwa pembeni hupotea kwanza, na kwa kuwa jicho la pili linaona vizuri, mwenyewe hana habari. Kilichopotea hakirudi, dawa hulinda kilichobaki tu. Ndiyo maana tunasema aliyepigwa vibaya jichoni apimwe presha ya jicho kila mwaka, maisha yake yote, hata akijiona mzima.

Ukifika kwa mganga, sema kweli. Tunapokea kina mama wanaosema wamejigonga mlangoni, na alama ya ngumi tunaiona. Hatumfukuzi mtu wala hatumwaibishi. Lakini asiyeeleza kwamba jicho lilipigwa, na lini, huenda akapewa miwani tu akarudi nyumbani.

Mtoto mdogo hawezi kueleza. Tena kabla ya miaka 7 au 8 jicho lake bado linajifunza kuona. Likikaa gizani kwa muda mrefu, hata upasuaji hautalirudishia nguvu zote. Mzazi, mzibe jicho zima kwa kiganja chako, umwonyeshe kitu akipendacho. Akilia, au akisukuma mkono wako ili achungulie, mlete upesi.